Mjomba wa Jumapili

Jina alilopewa na mama yake ni Orrin Stuckey. Jina lililowaka kwa taa juu ya milango ya majumba ya sinema ni Dane Corwell, na hilo alipewa na Bwana Pruitt wa ofisi ya matangazo ya studio, adhuhuri moja ya Machi 1930, huku Bwana Pruitt mwenyewe akila mkate wenye nyama na kujifuta haradali kidevuni.

Orrin alikuwa mtoto wa kinyozi kutoka kijimji cha Kansas ambacho treni ilisimama pale tu ilipotaka. Kazi yake dukani kwa baba ilikuwa kuwasomea gazeti wateja waliolazwa vitini na sabuni usoni. Mtu aliyefumba macho hataki kupigiwa kelele, wala hataki kunong'onezewa. Hapo ndipo Orrin alipoipata ile sauti yake nzito, ya taratibu, iliyomfanya kila aliyeisikia ahisi yuko mahali salama. Wakati huo hakujua kuwa ni mali. Alimwoa Verna, binti wa fundi viatu wa mtaa wa pili, wakapanda treni kwenda California wakiwa na sanduku moja na sufuria mbili.

Huko Los Angeles, Verna alipata kazi ya kupiga pasi kola katika duka la dobi. Orrin akabeba mbao studio, mbao za kujengea nyumba ambazo zilikuwa na mbele tu, nyuma hazina kitu. Ilikuwa miaka ile filamu zilipoanza kusema, na wanaume wazuri wa sura walikuwa wakifukuzwa kila wiki kwa sababu wakifungua mdomo ilitoka sauti ya mbuzi. Siku moja kamba ya taa ikakatika. Orrin, ubao begani, akaiona inavyoning'inia juu ya vichwa vya watu.

"Jamani, tokeni hapo! Taa inaanguka!"

Watu wakaruka, taa ikapasuka chini, hakuumia mtu. Fundi wa sauti akavua vile vikombe vya masikioni, akatoa kichwa kibandani kwake, akauliza, "Aliyesema ni nani?"

Baada ya mwezi mmoja na majaribio matatu, Orrin akawa amekaa mbele ya Bwana Pruitt, na mkataba uko mezani katikati yao.

"Umeoa?" Pruitt aliuliza.

"Ndiyo, bwana. Na tumepata mtoto wa kike. Ana miezi mitano."

Pruitt aliacha kutafuna. "Kijana, wanawake wa nchi hii wananunua tiketi ili wakaote. Nani ataota mume wa mtu, tena mwenye nepi za kufua?"

"Sasa nifanyeje? Niwatupe?"

"Nani kasema uwatupe? Una dada?"

"Sina."

"Basi kuanzia leo unaye. Mjane, maskini, na mtoto wake mchanga. Kaka mwema anamtunza dada yake aliyefiwa. Hata mimi nikisikia hivyo machozi yananilenga."

Nyumbani, Orrin aliposimulia, Verna alicheka mpaka akaweka pasi chini. Halafu akamtazama mumewe usoni, akaona kwamba yeye hacheki. Akaitazama mikono yake mwenyewe, iliyobabuka kwa mvuke. Mwaka ule wanaume wenye kofia nzuri walipanga foleni ya supu ya bure.

"Miaka miwili, Orrin," alisema. "Ikifika wa tatu nitakwenda mwenyewe kwenye geti lao na cheti cha ndoa mkononi."

"Miwili tu. Naapa."

Wakampangishia Verna nyumba ndogo upande wa bondeni, akawa Bibi Teague, mjane wa mfanyakazi wa reli aliyegongwa na behewa huko Kansas. Huyo Teague walimtunga wote wawili, wakimgombea kama watu wanaochagua rangi ya mapazia. Verna akataka awe mrefu. Orrin akasema asiwe mrefu mno. Yeye mwenyewe akapewa nyumba vilimani, yenye bwawa la kuogelea ambalo hakuliogelea hata siku moja.

Alikuja kwa Verna kila Jumapili baada ya watu kutoka kanisani, kweupe, mlango wa mbele, kama kaka anavyomtembelea dada. Akaja na biskuti na dubu wa kuchezea. Dorene, mtoto wao, alipoanza kutamka maneno ya kwanza, aliyempakata na kumfundisha lile lililotakiwa alikuwa Orrin mwenyewe.

"Sema mjomba. Mjo-mba."

"Baa," alisema mtoto.

"Hapana, mama. Mjo-mba." Akamwonyesha peremende.

Verna alikuwa mlangoni na kitambaa cha vyombo. Jumapili ya nne mtoto alilitamka sawasawa, akapewa peremende yake, na Orrin akaenda uani kuvuta sigara mbili, moja baada ya nyingine.

Jirani yao, Bibi Olmstead, alikuwa mwanamke mnene mwenye maneno yasiyolala. "Mwenzangu Verna," alikuwa akisema juu ya ua wa maua, "kaka yako ni mtu wa namna gani? Mimi wangu yuko Pasadena, hapa na hapa, mara ya mwisho nilimwona kwenye maziko ya mama. Akachukua saa ya ukutani, akaondoka bila hata kula."

"Tumelelewa pamoja," Verna alijibu.

"Na wale wanawake zake wa magazetini, ni wa kweli? Juzi nimemwona na yule mwigizaji mwenye nywele nyeupe za dawa. Anakaa kama ametolewa kwenye jokofu."

"Sijui mambo yake."

Miaka miwili ikapita, mkataba ukaongezwa. Mwaka wa tatu Verna hakwenda getini. Orrin alikuwa amemwandalia maneno, nao yalikuwa mazuri: filamu moja tu kubwa, halafu jina litakuwa limesimama lenyewe. Na kwa kweli jina lilikuwa linasimama. Alicheza nahodha, alicheza wakili, alicheza daktari anayependwa na mgonjwa kipofu. Wanawake walimwandikia barua kwa magunia. Verna alizoea kupita dukani bila kutazama rafu ya magazeti.

Mwaka wa nne bomba la jikoni likapasuka, akaja fundi aitwaye Harlan Boyd. Mtu mpana, mpole, mwenye mikono kama koleo, mwenye kuona haya akisemeshwa. Alitengeneza bomba likapona. Wiki iliyofuata akarudi kulitazama kama bado limepona.

"Bomba gani hilo, Harlan, linaumwa kila Jumanne?" Bibi Olmstead alimpigia kelele kutoka kibarazani kwake.

"Vitu vya zamani hivi, mama. Havitaki kuachwa peke yake."

"Bomba au mwenye bomba?"

Harlan akawa mwekundu mpaka shingoni, akajigonga kichwa kwenye mlango wa gari lake. Orrin alisimuliwa kisa hicho na Dorene mwenyewe, Jumapili, mtoto akiwa amekaa magotini kwake akicheka. Naye akacheka, maana mjomba angecheka.

Septemba ya 1935 Dorene aliamka na homa. Siku ya tatu mguu wa kushoto ukakataa kumbeba. Neno polio likasemwa, na mtaa mzima ukafunga madirisha.

Orrin alipigiwa simu akiwa kazini. Aliondoka vilevile alivyo, amevaa sare nyeupe ya unahodha yenye vifungo vya dhahabu, poda usoni, akaendesha gari hadi hospitali kama mwendawazimu. Kwa bahati mbaya siku hiyo mwanasiasa mmoja alikuwa akipasuliwa ghorofa ya juu, na waandishi wawili wa habari walikuwa wamekaa ukumbini wakingojea. Walipomwona waliinuka kama mbwa walionusa mfupa.

"Bwana Corwell! Umemfuata nani hapa?"

Aliwapita. Akafika kwenye meza iliyokuwa mbele ya pazia la wodi. Nesi alikuwa na orodha. "Wanaoingia ni baba na mama tu, dakika kumi. Wewe ni nani wake?"

Nyuma ya pazia alisikia mtoto akilia, kilio kidogo cha mtu aliyechoka kulia. Alikuwa na neno hilo mdomoni. Ni neno la silabi mbili. Akageuka kidogo, akaona penseli mbili zimeinuliwa juu ya karatasi.

"Mjomba," alisema. "Mimi ni mjomba wake."

"Pole sana, bwana. Subiri pale kwenye benchi."

Akakaa benchi saa nzima na sare yake nyeupe. Manesi walimletea vipande vya karatasi awatilie sahihi, naye akatia. Kesho yake gazeti lilikuwa na picha yake ameinamisha kichwa, na chini yake maneno: Moyo wa Dhahabu, Dane Corwell Aacha Kazi kwa Ajili ya Mpwa Wake. Bwana Pruitt alimpigia simu kumshukuru.

Lakini siku ile ile, kabla ya gazeti, Verna alitoka wodini akaja kusimama mbele yake. Kofia yake ilikuwa upande.

"Nimekusikia. Lile ni pazia, Orrin, si ukuta."

"Verna, waandishi walikuwa wamenisimamia..."

"Ameniuliza baba yake alikuwa mtu wa namna gani. Anaungua kwa homa, na hilo ndilo anataka kujua."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia alikuwa mrefu."

Hakumfokea. Alimwambia tu, kwa sauti ya mtu anayeomba maji, kwamba mtoto akipona lazima aambiwe, na dunia nzima iambiwe, na kama studio itamfukuza basi yeye atarudi kupiga pasi kola, mikono yake bado inakumbuka.

Orrin alikwenda kwa Pruitt. Safari hii alikwenda kweli, na alisema kweli, amesimama. Pruitt alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamsogezea kiti.

"Kaa. Mimi si mnyama. Lakini tumemtangaza mjomba nchi nzima, wiki mbili hazijapita. Leo tuseme tulidanganya, tena juu ya mtoto mgonjwa? Watakurarua. Na matibabu ya mguu huo, miaka na miaka, utayalipia kwa kubeba mbao? Filamu ya nahodha inatoka Mei. Ikishatoka, sema. Panda juu ya paa useme."

Maneno ya Pruitt yalikuwa na akili. Hilo ndilo lililomwumiza Orrin baadaye, kwamba kila mara kulikuwa na maneno yenye akili.

Dorene alikaa hospitali miezi minane. Alitoka Mei, ana chuma kutoka pajani hadi kisiginoni, siku hiyo hiyo ya onyesho la kwanza la filamu ya nahodha. Orrin alisema atakuja asubuhi, lakini asubuhi palikuwa na picha za kupigwa, na mchana yule mwigizaji mwenye nywele nyeupe alitakiwa kufuatwa kwake, waende pamoja kwenye onyesho. Aliyembeba Dorene kutoka garini alikuwa Harlan Boyd. Wiki nzima alikuwa ameunga mabomba ya chuma kutoka getini hadi chumbani, akayapiga msasa, akayapaka rangi ya samawati, ili mtoto apate pa kushika. Dorene alitembea hatua saba akilishika bomba lile, Bibi Olmstead akapiga makofi huku analia.

Mei ikaisha. Juni ikaanza filamu nyingine.

Jumapili moja ya Julai Harlan alipanda kule vilimani, kwa Orrin. Alikuwa amevaa suti inayombana mabegani, kofia ameishika kwa mikono miwili. Akakataa kinywaji. Akalitazama bwawa, akasema chujio lake limeziba, akaomba radhi kwa kusema hivyo.

"Bwana Corwell," alisema, kisha akajaribu utani, "au nianze kukuita shemeji mapema, nizoee?"

Orrin alimsogezea kiti, lakini Harlan hakukaa.

"Kwetu sisi mtu hamchukui mwanamke hivi hivi tu. Unazungumza na wanaume wa kwao. Baba yenu hayupo, uliyebaki ni wewe. Nampenda Verna. Na yule mtoto, sijui nisemeje, yule mtoto nampenda kama..." Akashindwa kumalizia.

"Yeye mwenyewe anasemaje?" Orrin aliuliza.

"Nilimwuliza jana. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Amesema nije kwako. Amesema, nenda kamwulize Orrin, jibu liko kwake. Atakalosema yeye ndilo."

Hapo Orrin akaelewa. Verna alikuwa amemfungulia mlango kwa mara ya mwisho. Alimtuma mtu mwema aje amwombe mke wake mwenyewe, ili ulimi wake ulazimike kusema. Hapakuwa na penseli pale wala Pruitt. Walikuwa wanaume wawili na bwawa lililoziba chujio.

Aliitazama mikono ya Harlan. Aliyafikiria yale mabomba ya samawati ambayo hata kuyaona alikuwa ameyaona wiki moja baadaye. Akahisi ndani yake kitu kama usingizi.

"Ni mwanamke mwema," alisema, kwa ile sauti yake. "Mtunze."

Harlan akamshika mkono kwa furaha mpaka mifupa ikalia. Yaliyofuata Orrin alikuja kusimuliwa na Harlan mwenyewe, miaka mingi mbele. Verna alikuwa anamenya njegere. Akauliza, "Kasema nini?" Harlan akasema, "Kasema nikutunze." Verna akaweka bakuli chini, akafunika uso kwa aproni, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akamwambia Harlan kaa, nina neno la kukuambia kabla hujafurahi.

Harlan alitoka akazunguka mtaa mara tatu. Akarudi. Akasema, "Sitamdanganya mtoto akiniuliza. Lakini kumwambia si kazi yangu. Ni kazi ya yule."

Verna alikwenda Nevada akakaa wiki sita, kama sheria ya kule inavyotaka, akapata talaka. Karatasi ziliandikwa Stuckey na Stuckey, na hakuna mwandishi aliyeinua kichwa, maana Stuckey ni nani. Alipoolewa na Harlan, kaka yake Dane Corwell alipeleka seti ya vyombo vya kaure.

Mwaka 1938 studio haikuongeza mkataba. Hakuna aliyemkosea. Walikuja vijana wengine, na uso wake watu walikuwa wameuzoea kama ukuta wa nyumba yao. Nyumba ya vilimani ikaenda. Akaanza kucheza majaji, makasisi, madaktari wanaotoka chumbani wakivua miwani na kusema wamejaribu kila njia. Vita ilipokuja alicheza makanali wanaokufa kabla watu hawajamaliza bisi zao. Alifanya kazi hizo vizuri. Mafundi wa taa walimpenda kwa sababu hakusahau walikotoka, na hakusahau kuwa naye alitoka huko.

Mwanzoni, mkataba ulipokwisha tu, alikwenda kwa Verna siku ya kazi, Harlan hayupo.

"Sasa niko huru," alisema. "Nataka kumwambia."

Verna alikuwa amenenepa kidogo, amependeza. "Mwambie. Lakini kwanza niambie mimi, utamwambia kwa faida ya nani?"

"Ni mwanangu, Verna."

"Ana miaka tisa. Kila asubuhi saa kumi na mbili kuna mtu anapiga magoti mbele yake anamfunga zile kamba za chuma, moja moja, ili zisimbane. Huyo anamwita baba. Ukimwambia leo, utampa nini, na utamnyang'anya nini? Fikiria, halafu ukipata jibu uje."

Alifikiria. Aliendelea kuja Jumapili, kwa tramu sasa, na biskuti. Hodi yake Dorene aliijua, alikimbia na chuma chake kikigonga sakafu. "Mjomba huyo!" Alikuwa anajivunia mno shuleni. Halafu, alipokuwa na miaka kama kumi na miwili, akaacha kukimbia. Orrin alidhani ni ukubwa. Aliona tu kwamba mtoto amekuwa na tabia ya kumkazia macho wakati wa chakula, kama mtu anayengoja mwenzake amalize kutafuna ili aseme.

Dorene aliolewa mwaka 1951 na mwalimu wa hesabu. Harlan alimpeleka mbele ya kasisi, hatua kwa hatua, akilinganisha mwendo wake na mguu wa binti. Orrin alikaa benchi la pili, upande wa ndugu wa mama. Katika karamu, uani, chini ya taa za karatasi ambazo jua halikuwa limeziachia nafasi ya kuwaka, Dorene alisimama na gauni lake jeupe akagonga glasi.

"Nataka mjomba aseme neno. Baba akisimama mbele za watu anatokwa jasho."

Watu wakacheka. Harlan akacheka zaidi ya wote. "Kweli kabisa! Simama, bwana, wewe ndiye mwenye sauti."

Orrin akasimama. Macho ya Dorene yalikuwa juu yake, makubwa, hayapepesi. Mtu huyu alikuwa amekariri kurasa maelfu maishani mwake, na kichwa chake kilikuwa kitupu kama jengo la studio likishabomolewa. Kitu pekee kilichokuja ni maneno ya jaji mzee aliyemcheza mwaka uliopita, hotuba juu ya ndoa na uvumilivu. Akaisema yote. Aliisema vizuri sana, Bibi Olmstead akafuta machozi, watu wakapiga makofi. Alipoketi, Dorene alikuwa ameinamisha macho, anakunjua na kukunja kitambaa cha meza.

Verna alikufa miaka minne baadaye, kwa saratani, baada ya kuumwa msimu mmoja tu. Baada ya maziko, majirani walipokwisha kuacha vyungu vyao vya makaroni na pai, Orrin alibaki jikoni na Dorene, akimsaidia kukausha sahani. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Alianza kusema jambo juu ya Verna, jinsi walivyopanda treni na sufuria mbili, akashtuka kwamba kaka na dada hawatoki kwao hivyo. Akachukua sahani nyingine.

"Endelea," Dorene alisema. "Sufuria mbili. Halafu?"

"Halafu... tulifika."

Dorene akafunga maji. "Nilikuwa na miaka kumi na miwili, Bibi Olmstead akanipeleka kuona filamu yako ya zamani. Ile ya nahodha. Uso wako ukajaa ukuta mzima. Nikaona kidevu hiki. Nikaona sikio hili, lililojikunja juu. Nilirudi nikajifungia bafuni nikajitazama mpaka mama akagonga mlango."

Sahani ilikuwa mkononi mwa Orrin. Hakujua aiweke wapi.

"Mbona hukusema?" aliuliza. "Miaka yote hiyo, Dorene. Mbona hukusema?"

"Mimi?" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetemeka. "Mimi nilikuwa mtoto. Kusema kulikuwa kazi yako. Nilikungoja. Kila Jumapili ukipiga hodi nilikuwa najiambia, leo. Leo atasema. Nikawa na kumi na tatu, nikawa na kumi na tano. Siku ya harusi nikakusimamisha kabisa mbele za watu, nikakupa nafasi, ukanipa hotuba ya filamu. Ile filamu nilikuwa nimeiona."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe zamani. Baada ya harusi niliacha kungoja, basi, ikawa rahisi."

"Je, naweza... unaweza kuniita..."

"Usiniombe hilo." Akaelekeza kichwa dirishani. Uani Harlan, mgane wa siku tatu, alikuwa anakunja viti vya kuazima vya kanisa, kimoja kimoja, akivifuta kabla ya kuvipanga. "Baba yangu yule pale. Lakini wewe njoo Jumapili. Watoto wangu wamekuzoea."

Alikuja Jumapili tatu au nne. Lakini kila akifika mlangoni mkono wake ulikuwa mzito kupiga hodi, maana sasa alijua hodi zile zilikuwa zimesikika vipi miaka yote. Akaanza kusema ana kazi. Dorene alipiga simu kwenye nyumba ambamo Orrin alipanga chumba, mama mwenye nyumba akasema yupo, amekaa sebuleni. Orrin akachukua simu akasema wanapiga picha za jaji mahali jangwani, hawezi. Hakukuwa na jaji. Kwa miaka sita waliyobakiza walionana siku za Krismasi, na mara moja hospitalini Harlan alipotolewa jiwe la figo.

Alikufa Novemba 1961, mchana, akiwa amekaa kitini karibu na simu, amevaa tai. Moyo. Gazeti lilimpa mistari mitano ndani kabisa, karibu na matangazo ya magari makuukuu. Waliinakili kutoka faili la zamani la ofisi ya matangazo: mwigizaji Dane Corwell, aliyependwa miaka ya thelathini, hakuwahi kuoa wala hakuacha mtoto.

Waliomzika walikuwa tisa, wanne kati yao mafundi wa taa waliostaafu. Harlan, ingawa magoti yalikuwa yamemwisha, alikataa kuachia pembe yake ya jeneza.

Wakirudi, Dorene ndiye aliyeendesha. Walipopita daraja, Harlan alimgeukia.

"Wakati mwingine najiona mwizi," alisema. "Nilichukua mahali pa mtu."

"Hukuchukua, baba. Palikuwa wazi."

"Angesema ni pake siku ile nilipokwenda kwake, ningerudi nyumbani na kofia yangu. Ningeumia, lakini ningerudi."

"Najua."

Harlan akatoa leso, akapiga kamasi kwa nguvu, akatazama nje upande wa dirisha lake. Dorene alitaka kumshika mkono lakini njia ilikuwa na kona nyingi. Baadaye kidogo alisimamisha gari mbele ya duka, kwa kuwa watoto walitoka shule saa tisa na nyumbani hapakuwa na maziwa.